Mashine ya plastiki yaweza kupiga magnesiamu? Mteja yuataka boksi jepesi la boda ya umeme

Moldi_Changamwe
Salaam aleikum wakuu. Nina jambo laniumiza kichwa na nataka jibu la mtu alieshika kazi yenyewe, si wa kunigugolia. Mimi na kakangu tuna karakana hapa Changamwe, tunapiga plastiki, vifuniko vya mitungi, vishikio vya ndoo, vitu vya kawaida. Mashine yetu inabana moldi kwa tani 120, mtumba, skrubu bado nzima na hita bendi zote tumebadilisha. Sasa amekuja mteja, hawa vijana wanaounganisha boda za umeme, yuataka boksi la kontrola, kile kifaa kinachoongoza umeme wa mota. Lile la plastiki ya ABS tulilompigia mwanzo linapasuka hapo kwenye bolti na pia kontrola inapata moto sana ikipanda Kibarani na mzigo. Basi yeye ameona video ati kuna watu wanapiga magnesiamu kama plastiki, unamimina vipande kwenye hopa, skrubu inazunguka, unapata kipande cha metali kimekamilika, chepesi kuliko alumini. Akaniuliza wewe si una hiyo mashine?

Nikaona nisimjibu hapana kabla sijauliza. Kwa hivyo: nikiweka hita kali zaidi nifikishe digrii 600, na nipate magnesiamu kutoka kwa watu wa skrepu, itaenda au nitaharibu mashine? Na kama kuna mtu hapa Pwani anayefanya aniambie niende nikaone.

fundi_nozeli
Wa aleikum salaam. Video ni ya kweli, kazi hiyo ipo, yaitwa thiksomoldingi, si uchawi. Lakini mashine yako haiwezi na tafadhali usiijaribu hata kwa mchezo.

Nitakueleza vile inafanya kazi ndio uone tofauti. Magnesiamu inayotumika sana ni AZ91D, yaani ndani yake kuna alumini kama asilimia 9 na zinki kidogo kama 1. Hiyo haiyeyuki kwa mpigo mmoja, inaanza kulainika kwenye 470 hivi na inakuwa maji kabisa karibu na 600. Hapo katikati ikiwa yasukwa na skrubu bila kusimama inakuwa kama uji uliotaka kugeuka ugali, punje ngumu za mviringo zimeelea ndani ya maji ya metali, na kwa sababu yasukwa hiyo inatembea vizuri tu kwenye moldi. Jambo hili waligundua watu wa chuo cha MIT Marekani miaka ya 1970 mwanzoni, baadaye kampuni ya Dow wakalitengenezea mashine, na leo mashine nyingi ni za Japan Steel Works.

Sasa njoo kwa bareli yako, lile bomba ambalo skrubu inazunguka ndani yake. Bareli ya plastiki imetengenezwa iende 350 au 400 ukizidi sana. Kwa 600 ile chuma inapoteza nguvu, na pale ndani kuna shinikizo, kwa hivyo wewe umetengeneza bomba la kupasuka. Bareli za thiksomoldingi ni za aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli zile za injini za ndege, na ndani zimevalishwa aloi ya kobalti kwa sababu magnesiamu ya moto inakula nikeli. Bei ya hiyo bareli peke yake sitaki hata kuwaza.

Halafu kuna spidi. Plastiki unaisukuma polepole, lakini metali ikigusa moldi inaganda papo hapo, kwa hivyo skrubu yatakiwa irushe mbele mita 2 mpaka 4 kwa sekunde na moldi ijae ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Pampu yako ya haidroliki haina hiyo pumzi, wanatumia tangi la gesi kuhifadhi presha. Moldi nayo inapashwa kwa mafuta moto mpaka 200 na zaidi, si maji ya bomba kama sisi. Na hopa yafunikwa na gesi ya argoni muda wote hewa isiguse metali ya moto.

Kitu kimoja nilichopenda nilipoiona ikifanya kazi (si hapa Kenya) ni ile nozeli. Baada ya kila shoti ncha inaganda yenyewe, inafanya kizibo kidogo cha metali, na hicho ndicho kinachozuia uji usichuruzike. Shoti inayofuata kizibo kinaruka na moldi imechongwa kishimo maalum cha kukidaka. Hakuna valvu pale. Ukikosea joto la nozeli kidogo tu, kizibo kikiwa kirefu sana hakitoki, kikiwa kifupi kinavuja, na kuvuja kwa magnesiamu ya moto si kama kuvuja kwa plastiki.

Hapa Pwani sijui mtu anayefanya.

Mchongaji wa Jomvu
Fundi amesema kweli tupu. Mimi niongeze la moto kwa sababu watu wanachukulia poa.

Nilikuwa karakana moja nisiyoitaja, tunachonga kipande cha injini ya pawasoo, zile kesi zake mara nyingi ni magnesiamu. Kijana amewasha leithi, tuli, kile kisu chake, limeshakuwa butu, linasugua badala ya kukata, vinyweleo vyembamba vinajikusanya chini. Cheche moja tu. Mwanga wake ni mweupe huwezi kuutazama, ni kama watu wanachomelea bila barakoa. Mtu akakimbilia ndoo ya maji. Yakhe! Maji yakipata magnesiamu inayowaka yanatoa haidrojeni, ule moto uliruka mpaka ukafika kwenye mabati. Mwingine akaleta mtungi wa CO2 na wenyewe haukusaidia kitu, magnesiamu inaendelea kuwaka hata ndani ya CO2. Iliisha yenyewe ilipomaliza kula. Kijana aliungua mkono lakini alipona.

Kinachotakiwa ni poda ya moto wa metali, ule mtungi wa daraja D, ndani yake mara nyingi ni chumvi iliyotengenezwa maalum, unaifunika taratibu bila kuipulizia. Na uwe umeinunua kabla. Ukichonga magnesiamu tuli liwe kali, kata nene, fagia kila saa, na usitumie ile soluble, mafuta ya kupoozea ya kuchanganya na maji. Kipande kikubwa kizima hakishiki moto kirahisi, hapo watu wasiogope, tatizo ni vinyweleo na vumbi.

juakali_halisi
nyinyi wasomi mwamtisha mtu bure. watu wanayeyusha alumini kwa mkaa kila siku Majengo kule, sufuria zinatoka hapo. magnesiamu inayeyuka karibu na joto hilohilo la alumini. mwambieni ukweli, atafute skrepu za kesi za pikipiki na pawasoo, ayeyushe, amimine kwa moldi ya mchanga, boksi limepatikana. si lazima mashine ya Mjapani

fundi_nozeli
@juakali_halisi ndugu yangu, joto ni karibu sawa ndio, 650 kwa magnesiamu tupu na 660 kwa alumini. Tofauti ni kwamba alumini ikiyeyuka inajifunika na ngozi yake mwenyewe na inatulia. Magnesiamu ngozi yake ina vinyufa, hewa inapita, inawaka juu ya sufuria. Ndio maana viwanda vinaimwagia gesi ya SF6 juu, ile gesi inayopigwa vita siku hizi kwa sababu kilo moja yake inapasha dunia joto kuliko CO2 zaidi ya mara elfu ishirini. Moja ya faida za thiksomoldingi ni kwamba hiyo SF6 haihitajiki, hakuna sufuria ya wazi. Na mchanga wa moldi wako una unyevu. Magnesiamu ya maji juu ya unyevu, soma tena hadithi ya mchongaji hapo juu.

Na skrepu nayo: kwanza nyingi si magnesiamu. Dondosha tone la siki kwenye sehemu uliyokwaruza, ikitoa mapovu mara moja hiyo ni magnesiamu, alumini haitafanya kitu. Hata ikiwa yenyewe, ndani ya skrepu kuna vipande vya chuma, nati, nikeli. AZ91D safi inaruhusiwa chuma 0.005% na nikeli 0.002%, ukizidi hapo inaoza kwa hewa ya chumvi mbele ya macho yako.

BahariaMbaraki
hapo kwa kuoza ndipo nilipotaka kuingia. Mimi kazi yangu ni maboti. Mwajua magnesiamu sisi twaitumia vipi? Twaifunga chini ya boti za maji baridi ILI ioze, iliwe yenyewe badala ya propela. Kwa bahari twatumia zinki kwa sababu magnesiamu kwa maji ya chumvi inaisha haraka mno hailipi. Sasa nyinyi mwataka kutengeneza boksi la pikipiki linalopita Likoni feri kila siku kwa kitu hicho? Na mkifunga bolti za stenlesi juu yake? Hebu nioneni hilo boksi baada ya kusi moja tu.

dada_wa_maabara
Kaka Baharia uko sawa nusu. Mimi nafanya vipimo vya rangi na kutu kwa kiwanda kimoja, nimeona vipande hivi kwenye chumba cha ukungu wa chumvi. AZ91D iliyo safi yenyewe peke yake inavumilia, hata kuliko baadhi ya alumini za kumimina. Shida si kipande, shida ni maungio. Pale bolti ya chuma inapokaa, kukiwa na tone la maji ya chumvi, umeshatengeneza betri na magnesiamu ndiyo inayolipa. Utaona shimo jeupe lenye unga kuzunguka kichwa cha bolti wakati kwingine kote hakujaguswa kabisa. Wanaokoa kwa kuweka washa (kile kipete cha chini ya bolti) ya alumini au ya plastiki katikati, kuacha nafasi maji yasisimame, na kupaka, kwanza ile tabaka ngumu ya kuanodaizi kwa cheche za umeme halafu pauda koti juu. Ukikwaruza rangi ndio mwanzo wa shida.

Lakini kabla ya kutu mimi nataka kumuuliza Moldi swali lingine. Lile boksi la ABS lina uzito gani na unene gani? Maana naona kila mtu yuazungumza mashine na hakuna aliyeuliza kama mteja anahitaji huo wepesi.

Moldi_Changamwe
Ahsanteni sana, mumenitoa ujinga. Hapana basi sitagusa hita. Dada, boksi ni kama gramu 190, ukuta milimita 3. Mteja aliniambia ati lipungue uzito "kadri inavyowezekana" na lisipasuke na litoe joto.

dada_wa_maabara
Haya basi tupige hesabu ya haraka. ABS ni gramu 1.05 kwa sentimita ya ujazo, kwa hivyo boksi lako lina plastiki kama sentimita 180 za ujazo. Magnesiamu ya AZ91D ni 1.81, alumini 2.7. Ukipiga boksi hilohilo kwa unene huohuo wa 3 kwa magnesiamu utapata gramu 325, yaani limekuwa ZITO kuliko la plastiki. Watu wanasahau hilo, wanasikia nyepesi wanadhani nyepesi kuliko kila kitu. Faida ya magnesiamu inakuja ukipunguza unene, kwa sababu ugumu wake wa kutopindika ni mara ishirini ya ABS, na kwa thiksomoldingi ukuta wa milimita 1 unajaa bila tabu. Tuseme 1.2. Hapo boksi linakuwa kama gramu 130 na halipindiki kuliko lile la 3 la ABS. Umepunguza gramu 60.

Gramu 60 kwa boda. Yenye abiria wawili, kiroba cha mchele na kuku. Jamani.

Na alumini kwa unene huohuo wa 1.2, kama ingewezekana, ni gramu 195 hivi, yaani sawasawa na lile la ABS alilonalo sasa. Magnesiamu inalipa pale gramu zinapouma: kamera unayoinyanyua siku nzima, kava la laptopu, pawasoo ya mtu aliye juu ya mti, droni, fremu ya usukani na kiti cha gari ambapo ukijumlisha vipande vingi unapata kilo. Volkswagen walijaza magnesiamu kwenye injini na giaboksi ya Beetle kwa sababu injini ilikaa nyuma na kila kilo kule nyuma ilikuwa inavuruga gari. Walikuwa na sababu. Mteja wako ana video.

Mchongaji wa Jomvu
😂😂 mteja wako ana video. Dada umemaliza

fundi_nozeli
Nakubaliana na dada, na sasa ukiangalia malalamiko yenyewe, kupasuka kwenye bolti na joto, hakuna hata moja linalohitaji magnesiamu.

Kupasuka: niambie kama mnafunga kwa skrubu za kujitobolea moja kwa moja kwenye ABS. Naweka dau ndio. Ile inaacha plastiki imebanwa, ikipata jua na mtikisiko wa barabara ya Magongo inafungua nyufa. Weka insati za brasi (vibomba vyenye nyuzi za kushika bolti), unazipasha na chuma cha kulehemu waya zinazama kwenye plastiki, halafu zungushia mbavu nene. Hilo tu litatoa nusu ya matatizo.

Joto: ABS haipitishi joto kabisa, unaivalisha kontrola blanketi. Fanya chini ya boksi iwe bamba la alumini la milimita 3, kontrola ifungwe juu ya hilo bamba na peisti ya kupitisha joto, upepo upite chini. Juu ndio uweke kifuniko cha plastiki. Magnesiamu yapitisha joto vizuri lakini alumini inaishinda, kwa hivyo hapo hukosi kitu.

Na plastiki yenyewe hama ABS nenda nailoni yenye glasi asilimia 30, mashine yako inaipiga kwa 280 hivi. Mambo ya kuangalia: ikaushe digrii 80 masaa kadhaa kabla, kwa unyevu wetu wa hapa ukiacha gunia wazi usiku mmoja tu asubuhi unapata michirizi ya fedha kwenye kila kipande. Glasi inakwaruza skrubu kwa hivyo ukipata oda kubwa tenga pesa ya skrubu. Na moldi yako ilichongwa kwa ABS, nailoni ya glasi inajikunja tofauti upande wa mtiririko na upande wa pili, usitarajie vipimo vilevile, piga sampuli kwanza mteja aone kama kifuniko kinakaa.

juakali_halisi
sawa nimeelewa. lakini bamba la alumini na bolti za stenlesi si pia linaoza? Baharia yuko wapi

BahariaMbaraki
niko. Laoza lakini polepole sana si kama ile kitu nyingine. Chukua alumini ya maboti, 5083 au 5052, pakaa bolti ile peisti ya zinki au hata grisi nzito kabla ya kufunga, na toboa tundu la maji kutoka kwenye kona ya chini kabisa. Boksi linalofungwa kabisa bila tundu ndilo linalokusanya jasho ndani.

MwanachuoTudor
Nimefuata hii mada kimya kimya. Mimi na wenzangu tunajenga droni ya kupiga picha mashamba, hapo gramu zinauma kweli kama alivyosema dada. Tunataka vipande kama vinne tu vya magnesiamu vyembamba, oda ndogo. Kama hapa hakuna wa kupiga je tuagize nje? Au tulete malighafi tuchonge wenyewe?

klerin_kilindini
Hapo ndio kazi yangu sasa. Kuna tofauti kubwa kati ya kuleta kipande kilichokamilika na kuleta malighafi. Zile chembe na vinyweleo vya magnesiamu zinazomiminwa kwenye hopa zinaingia kama mzigo hatari, nambari ya Umoja wa Mataifa UN 1869, daraja 4.1 (vitu vigumu vinavyoshika moto). Maana yake tamko la mzigo hatari, vifungashio vya aina yake, lebo, na meli yenyewe ikubali, na ikifika haiwekwi popote tu. Ukiwa poda ndio mbaya zaidi, hiyo ni UN 1418, inahesabiwa pia kwa kuingiliana na maji. Nimeona mtu ameandika "metal granules" kwenye makaratasi akidhani amepunguza usumbufu, mzigo ukashikwa, storeji ikamla kuliko bei ya mzigo wenyewe.

Kipande kilichokwisha kupigwa, kavu, hakina mambo hayo, kinakuja kama spea nyingine yoyote. Magnesiamu nyingi ya dunia inatoka Uchina, zaidi ya asilimia 80, na wenye mashine za kuipiga wako huko kwa wingi, kwa hivyo bei ya kipande haitakuwa tatizo lenu, tatizo ni moldi. Mwaka 2021 umeme ulipopunguzwa viwandani kule Shaanxi bei ilipaa mpaka Ulaya wakapiga kelele, kwa hivyo mkipewa kotesheni angalieni inadumu mpaka lini.

fundi_nozeli
@MwanachuoTudor kwa vipande vinne usifikirie moldi kabisa, moldi ya chuma ya kuvumilia joto hilo ni pesa ya kununua droni kadhaa. Agiza bamba zima la AZ31, aloi nyingine ya magnesiamu, hilo ni kipande kikubwa si chembe, lichongeshe kwa CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) kwa mtu anayejua na mwenye ule mtungi wa daraja D karibu. Kama hana mtungi, toka.

Moldi_Changamwe
Nimeongea na mteja leo. Amekubali bamba la alumini chini, nailoni juu. Anauliza sasa kama tunaweza kupaka ile nailoni rangi ya fedha ionekane kama metali 🤦🏾‍♂️

dada_wa_maabara
Mwambie aichanganye na masterbachi (chembe za plastiki zenye rangi) ya kijivu kwenye hopa, akipaka itamenyeka. Lakini apunguze, masterbachi ya fedha ile yenye vipande vya alumini inaonyesha mstari pale mtiririko unapokutana, na bolti zako ziko hapohapo.